Daraja la Bwana Ahadi

Jumatatu, 4 Machi

Nimejua kupitia televisheni, kama mtu baki. Nilikuwa sebuleni na Mama tunakunja nguo, taarifa ya habari ikasema mchekeshaji maarufu amechukua fomu ya kugombea urais. Wakamwonyesha kaka yangu anashuka kwenye gari mbele ya ofisi za tume ya uchaguzi, amevaa suti ya Bwana Ahadi, ile yenye mabega mapana kama kabati, na saa tatu kwenye mkono mmoja.

Bwana Ahadi ni mheshimiwa wa kutunga. Kaka anamwigiza kila Ijumaa jioni, na maneno yake naandika mimi. Nchi nzima inamjua. Lakini kumwigiza mgombea ni kitu kimoja, kwenda kusaini fomu ni kingine.

Mama aliacha kukunja. "Hiyo ni kweli au ni kipindi?"

"Ni kipindi, Mama."

"Mbona msomaji wa habari hacheki?"

Nilimpigia Kaka. Akasema ni mzaha wa siku mbili tatu, tume itamkataa, na sisi tutapata kipindi kizuri cha kuwachana wakubwa. Nikamwuliza kama mkewe anajua.

"Si ameona kwenye televisheni?" akasema.

Nikakata simu.

Jumatano, 13 Machi

Tume imempitisha. Mvua bado, joto kali.

Alhamisi, 14 Machi

Mkurugenzi wa kituo ametuita ofisini kwake. Alikuwa anatembea huku na huku akisugua viganja. Anataka kamera zimfuate Kaka kila mkutano mpaka siku ya kura. "Watu wamechoka na wagombea wa kweli," alisema. "Sisi tunawapa wa uongo, angalau huyu wanajua ni wa uongo."

Nikauliza, "Na wakimpigia kura?"

Wote wawili walicheka. Kaka akanigonga begani. "Mdogo wangu, nani mwenye akili zake atampigia kura Bwana Ahadi?"

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeandika ahadi za wiki nzima. Atamaliza tatizo la maji kwa kupiga marufuku kiu. Hospitali zitakuwa na dawa na dawa zitakuwa na wagonjwa, ni suala la kuwakutanisha tu. Atalala bungeni kwa niaba ya wananchi wote ili wao wapate kuamka mapema. Sikujilazimisha hata kidogo. Miaka yote nimewasikiliza hawa watu wakisema upuuzi kwa sura kavu, na hasira niliyokuwa nayo ilipata pa kwenda.

Jumapili, 17 Machi

Mama amewaambia majirani kwamba mwanawe anagombea urais. Wamempongeza. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Wifi alipita jioni kuchukua watoto. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na wiki hii wanafunzi wake wamekuwa wakivaa saa za kuchora kwa kalamu mkononi na kumwahidi kwamba watafanya kazi ya nyumbani mara baada ya uchaguzi. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake.

"Mimi niliolewa na mtu," aliniambia. "Sikuolewa na kipindi."

Jumamosi, 23 Machi

Mkutano wa kwanza. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Walicheka wakishikana mabega wasianguke. Kaka anajua kazi yake, sitamnyima hilo.

Katikati, mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli ya kiwandani alipewa kipaza sauti. Akasema kiwanda chao kimefungwa, yeye na wenzake wamebaki na ovaroli tu, mgombea atawafanyia nini. Kaka akamjibu kwamba serikali yake itafungua kiwanda cha kutengeneza ovaroli. Uwanja mzima uliangua kicheko, na yule mtu akacheka pia. Kisha akabaki amesimama palepale, ameshika kipaza sauti, kama anayengoja sehemu ya pili ya jibu.

Alhamisi, 28 Machi

Leo tumerekodi mtoni, na nimerudi nimekasirika, ila sijui hasa nimemkasirikia nani.

Mto unakata mji wetu upande wa chini. Ng'ambo wanaishi watu wengi kuliko huku, na hospitali iko huku. Daraja hakuna. Kuna jiwe la msingi, zuri, la marumaru, lililowekwa na mheshimiwa aliyekuja na bendi. Mheshimiwa mwingine akaja akalisafisha, akapigwa picha. Watu wanavuka kwa mbao zilizopigiliwa juu ya nguzo za chuma zilizobaki, na waya wa kushikilia upande mmoja tu.

Wazo la leo lilikuwa langu. Kaka aliweka jiwe lake la msingi juu ya lile la marumaru, akasema, "Wenzangu waliishia chini. Mimi naleta ghorofa." Watu wa ng'ambo walikuwa wamejipanga kando ya maji kutazama. Walicheka sana. Kaka akakata utepe, kamera ikageuka kuonyesha maji.

Hapo akatokea mama mmoja anavuka, viatu mkononi, begi la vitambaa na dawa begani. Ni mkunga wa ng'ambo, nilikuja kuambiwa baadaye. Mpiga picha akampungia mkono. "Subiri hapo hapo mama, dakika moja tu, unaingia kwenye picha."

"Mimi nasimama kwenye ubao, mwanangu," alijibu. "Wewe umesimama kwenye ardhi. Sogea wewe."

Akapita. Alipofika kwetu akakaa juu ya jiwe la Kaka kuvaa viatu, na akaniangalia. "Wewe ndiye unayemwandikia?"

Nikasema ndiyo.

"Unaandika vizuri. Ijumaa hata nikiwa na mzazi nawaomba wawashe televisheni." Alifunga kamba za kiatu taratibu. "Sasa nikwambie. Wale waliokuja kabla yenu walituletea ahadi. Nyinyi mmetuletea kicheko. Lakini wote mnaondoka kabla mvua haijaanza."

Nikamwambia sisi tunawasema hao hao waliowadanganya, tuko upande wao.

"Upande wetu ni ule," akasema, akaonyesha ng'ambo. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Akaninyooshea mkono nimvute asimame, akaenda zake hospitali kuomba glavu.

Njia nzima nilikuwa nabishana naye kichwani. Kutulinganisha sisi na wale. Sisi.

Mvua ilianza tulipokuwa tunapakia kamera.

Ijumaa, 29 Machi

Kipindi cha mtoni kimerushwa. Mkurugenzi anasema hakijawahi kutazamwa namna hii. Wifi alizima katikati, watoto wakalia.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Mabango ya Mheshimiwa Rais yameloa, uso umeshuka mpaka kwenye tai. Ya Kaka yameibwa, watu wanayabandika vyumbani.

Jumanne, 9 Aprili

Leo ametujia mtu wa kampeni ya Mheshimiwa Rais, mtu wa makamo mwenye viatu vya kung'aa ambavyo sijui amevipitishaje kwenye tope letu. Tulidhani anakuja kutisha. Kaka alikuwa amejiandaa kabisa, hata koti alivua.

"Nimetumwa salamu," yule mtu alisema. "Mheshimiwa anakupenda mno. Ijumaa jioni hakuna kikao. Anakaa na familia yake, anacheka mpaka anafuta machozi."

Kaka akauliza, "Anacheka nini?"

"Vyote. Ile ya jiwe la msingi, alirudia mara tatu."

"Lile jiwe ni lake."

"Ndiyo," yule mtu akasema kwa furaha. "Ndiyo maana." Akatuambia tuendelee hivyo hivyo, kwa sababu vijana ambao wangemkasirikia Mheshimiwa wanakuja kwetu, wanacheka, wanarudi nyumbani wametulia. Alisema bila aibu yoyote, kama daktari anayesifu dawa. Akaaga, akamshika Mama mkono kwa mikono miwili.

Nimeandika maneno ya mtu yule hapa ili nisije nikajiambia kwamba hakuyasema. Miaka yote nilidhani tunawachoma sindano. Kumbe tunawakanda mgongo.

Kaka amekaa kibarazani muda mrefu anaangalia mvua. Nilipomletea chai akasema tu, "Mara tatu."

Jumatano, 17 Aprili

Mto umechukua mbao. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mkunga alikuwa anamvusha msichana mwenye uchungu, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, hana budi kufika hospitali. Wamekwenda na maji wote wawili. Watatu.

Mpiga picha wetu ndiye aliyeleta habari. Aliingia chumba cha habari akakaa sakafuni.

Alhamisi, 18 Aprili

Tumekwenda msibani, tumezunguka kwa barabara kuu, mwendo wa nusu siku. Kaka alivaa shati jeupe na suruali ya kawaida. Mume wa mkunga ni fundi seremala. Alitupokea vizuri, akatutafutia viti.

"Zile mbao nilizipigilia mimi," alisema. "Kila mwaka kabla ya mvua nabadilisha zilizooza. Mwaka huu nilibadilisha zote. Hazikuvunjika. Zimeng'oka na nguzo zake." Alisema kwa sauti ya fundi anayeeleza kazi.

Kaka akataka kusema pole. Alipofungua mdomo tu, kundi la wasichana waliokuwa wamekaa ukutani likacheka. Si kwa ubaya. Waliona uso ule, wakasikia sauti ile, kicheko kikawatoka chenyewe, na mmoja akajiziba mdomo kwa nguo huku machozi ya msiba bado yanamtiririka. Mama mmoja akawafukuza nje.

Kaka akafunga mdomo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Kaka aliniambia leo hataki skripti. Akaacha suti nyumbani, akaacha saa. Akapanda jukwaani na shati lile la msibani. Uwanja ulijaa kuliko siku zote, watu na miavuli yao. Walipomwona hana suti wakaanza kucheka hapo hapo, wakidhani ndiyo mzaha wa leo.

Akasema, "Jumatano wamekufa watu mtoni."

Wakacheka.

Akangoja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya spika, namwona mgongo. Akasema tena, polepole, kwamba amekufa mkunga, na msichana, na mtoto tumboni. Mbele pakawa kimya kidogo, nikadhani wameelewa. Kisha mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti ya Bwana Ahadi, "Tutawajengea kaburi la ghorofa," na uwanja ukalipuka.

Kaka alisema, "Jamani, nasema kweli." Hiyo ndiyo kauli ambayo Bwana Ahadi huanzia kila uongo wake. Niliiandika mimi. Wakaimalizia wenyewe kwa pamoja, "kweli tupu, kweli tupu," wakipiga makofi kwa mpigo.

Akalia. Kaka yangu, mtu mzima, alilia mbele ya umati, mabega yanatikisika, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka. Kina mama walishika mbavu. Wapo waliokunja miavuli wapate kupiga makofi, mvua inawanyeshea. Nilitafuta katika nyuso zile moja tu iliyokuwa inamtazama yeye na si Bwana Ahadi. Nikamwona yule wa ovaroli, kando, hacheki. Basi, huyo tu.

Nilipanda nikamshika mkono kumshusha. Wakanicheka na mimi.

Niliwachukia. Naandika hivyo na sifuti. Nilijua wengi wao wanavuka mito yao wenyewe kila siku, nilijua hawakuja kwa ubaya, na bado niliwachukia wote, na nilimchukia zaidi yule mwenye viatu vya kung'aa kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumatatu, 22 Aprili

Kituo kimerusha kipande cha Kaka akilia. Wamekiwekea muziki wa kuchekesha chini yake.

Niliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Nikamwambia wakiondoe. Alikuwa mpole. Alisema anaelewa, ila kipande kimeshasambaa, watu wanakipenda, na kukiondoa ni kukubali kwamba tulikosea.

"Tumekosea," nikasema.

"Dada, wewe umechoka. Pumzika wiki moja."

"Sitaandika tena neno la Bwana Ahadi."

Akafikiri kidogo. Kisha akasema kama mtu anayenipa habari njema, "Kwa kweli sasa hivi hahitaji kuandikiwa. Umemwona? Anachekesha hata akinyamaza."

Nimechukua kikombe changu na koti langu la mvua. Nimeacha kazi.

Jumamosi, 27 Aprili

Kaka hatoki. Wifi amehamishia madaftari ya wanafunzi chumbani kwao, anasahihisha huku amekaa kitandani pembeni yake. Nilidhani atamlaumu. Nilimkuta anamsomea insha ya mtoto mmoja, Kaka amefumba macho anasikiliza. Sikuwahi kumwelewa vizuri huyu mwanamke. Nilimwona mkavu. Kumbe alikuwa anamngoja mumewe arudi.

Jumapili, 5 Mei

Siku ya kura. Jina la Kaka limebaki kwenye karatasi, muda wa kujitoa ulishapita. Mama alivaa vizuri, akapanga foleni kwenye mvua, akakataa kuletewa kiti.

"Nimempigia mwanangu," alitangaza alipotoka. "Na wewe?"

"Kura ni siri, Mama."

"Siri kwa nani? Kwa mama yako?"

Jumanne, 7 Mei

Mheshimiwa Rais ameshinda. Kaka ni wa nne. Msomaji wa habari alisema kwa tabasamu kwamba kuna eneo moja tu ambako mchekeshaji amewabwaga wagombea wote. Ni ng'ambo ya mto.

Hakuna aliyecheka humu ndani.

Alhamisi, 9 Mei

Leo walikuja nyumbani kwa Kaka, mimi na Mama tukiwapo. Fundi seremala, wanawake wanne, na mama mzazi wa yule msichana. Wamezunguka kwa barabara kuu. Mama akawapa chai. Kaka alitoka chumbani akasimama mlangoni, ndevu zimeota.

"Kwa nini mlinipigia kura?" aliwauliza. "Nilikuja pale nikawafanyia mzaha."

"Ulikuja mara mbili," fundi alisema. "Wengine wote wamekuja mara moja."

Kaka akatazama chini. Akasema hana cheo, hana ofisi, hawezi kuwajengea hata kibanda.

"Tunajua. Hatujaja kuomba daraja kwako." Fundi aliweka kikombe. "Jumatatu tunakwenda wizara ya ujenzi. Tumekwenda mara nyingi, hatuvuki geti. Tunataka uje na sisi. Wewe ukija, kamera zinakuja."

"Nitakuja," Kaka akasema.

Wakaangaliana. Mama wa msichana ndiye aliyesema. "Uje na ile suti, mwanangu. Na saa zake."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema hapana, hamkuona walivyomfanya uwanjani, mnataka kumrudisha tena kule, na tena kwa msiba wenu wenyewe. Nikasema ni aibu kwamba watu wamekufa na bado ahitajike mchekeshaji ili msikilizwe. Nilikuwa napiga kelele. Mama aliniita mara mbili.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni aibu," alikubali. "Lakini si yetu. Akija na shati lake atakuwa mtu tu, na watu tumeshakwenda wengi."

Nikamwangalia Kaka. Nilitaka akatae.

"Nitavaa," alisema.

Jumatatu, 13 Mei

Kamera zilikuja, za kituo chetu na za wengine. Wafanyakazi wa wizara walijazana madirishani. Kaka aliposhuka, mabega mapana na saa tatu, mlinzi mwenyewe alianza kucheka, akafungua geti apate kupiga naye picha, na watu wa ng'ambo wakaingia nyuma yake, wote, kimya, na nguo zao za msiba.

Waziri alishuka ngazi amenyoosha mikono. "Bwana Ahadi," alisema, "mpinzani wetu mkubwa." Watu wakacheka. Kamera zikasogea. Kila mtu akangoja Kaka aseme neno la kuchekesha.

Kaka alirudi hatua moja nyuma, akapisha. Kamera zote zikabaki zinamtazama fundi seremala.

Fundi alisema jina la mkewe. Akasema alikuwa anatoka nyumba gani na anakwenda hospitali gani, na amezalisha watoto wangapi upande ule, wakiwemo wawili wa mlinzi wa geti. Mlinzi akavua kofia. Fundi akasema jina la msichana. Akasema mtoto hakuwa na jina bado. Kisha akamwuliza Waziri, kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, wewe ulipokuja hapa leo asubuhi, ulivuka wapi?"

Waziri alimtazama Kaka, kama anayeomba asaidiwe kwa mzaha. Kaka alikuwa amesimama wima ndani ya suti ile ya kijinga, macho mbele. Hakuna aliyecheka, si madirishani, si getini. Picha zilikuwa zinarushwa moja kwa moja.

Waziri akasema atashughulikia. Fundi akauliza lini. Akasema mara moja. Mama wa msichana akauliza mara moja ni siku gani. Hawakuondoka mpaka aliposema siku.

Garini Kaka alivua saa, moja moja, akanipa. "Hawakucheka," alisema. Nikamwambia hawakucheka.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua imekata. Leo nimekwenda mtoni na Wifi na watoto. Kuna malori mawili ya mawe, mashine ya kuchimbia, wahandisi wenye kofia za njano. Fundi seremala amepewa kazi ya kutengeneza mbao za kumwagia zege. Kaka alikuwa naye, anamshikia ubao upande wa pili, anakosea, anaelekezwa.

Jiwe la marumaru limeng'olewa kwa sababu lilikuwa njiani.

Mhandisi mkuu ni mtu mchangamfu. Nikamwuliza kazi hii itachukua muda gani. Akasema si kubwa, mto wenyewe ni mwembamba, mvua zijazo watu watakuwa wanavuka kwa viatu. Nikamwuliza kama ramani imechorwa haraka haraka wiki hii. Akasema hapana, ilikuwepo kabatini, na hata mawe yalikuwepo uwanjani kwao, yameota majani. Kilichokuwa kinangojewa ni mtu kusema tu.

Alisema hivyo akitabasamu, akidhani ananifurahisha. Wifi alinishika mkono. Watu walikuwa wanatusalimia kutoka ng'ambo, mama wa msichana akiwa mbele yao, na nikawapungia. Lakini uso wangu uliniwaka mpaka tumefika nyumbani, na hata sasa nikiandika bado unaniwaka. Ilikuwepo kabatini.